Mstari Katika Masizi

Kila Jumatano asubuhi maabara yetu ya fiziolojia ilinuka mafuta ya taa. Waliosoma udaktari au biolojia enzi zile wataikumbuka harufu hiyo: karatasi nyororo ikiviringishwa kwenye silinda ya kimografu na kugeuzwa polepole juu ya moshi wa utambi mpaka ikolee masizi kama sufuria ya kuni, kisha fundi wetu wa maabara, mzee wa koti la kahawia, akiufunga moyo wa chura kwa kulabu na uzi, na wenzo mwepesi ukianza kukwangua mstari mweupe katika weusi ule, mlima na bonde, mlima na bonde. Nami nikitaka kuurekebisha, alinishika mkono.

"Usiuvute uzi, mwanangu. Uache uchore wenyewe."

Leo hakuna masizi. Chumba kina giza na baridi ya mashine.

Moyo wa sungura umening'inizwa kwenye bomba la kioo, unanyweshwa maji vuguvugu yenye chumvi, sukari na oksijeni kupitia aota, kwa njia aliyoieleza Oscar Langendorff mwaka 1895. Hapo ningejiona nyumbani. Ugeni wangu unaanzia kwenye rangi. Moja, RH237, hung'ang'ania utando wa seli, na mng'ao wake hubadilika volti inapobadilika. Nyingine, Rhod-2, huingia ndani ya seli na kung'aa zaidi inapokutana na kalsiamu. Taa ya kijani huziamsha zote mbili, vichujio hutenganisha mwanga wake, na kamera hupiga mamia ya picha kwa sekunde, hata 1,000.

Kalsiamu sisi tuliijua kwa kuikosa. Mzee alituamuru tubadilishe maji, tuweke yasiyo nayo, na milima ilifupika taratibu mpaka mstari ukanyooka, nasi tukakodoa macho. Kisha alidondosha kalsiamu kidogo na moyo ukaamka, huku akitusimulia habari za Sydney Ringer wa London, ambaye mwaka 1883 alieleza kwamba maji yake ya chumvi yalikuwa yameuweka moyo wa chura hai kwa sababu yalichanganywa na maji ya bomba, yenye kalsiamu. Ya kukenekwa yalipotumika, moyo ulizimika.

Sasa naiona kwa macho. Katika moyo mzima wa afya, umeme hupita mbele na kalsiamu hufuata nyuma kwa milisekunde chache. Moyo unapovurugika, mawimbi hujizungusha kama kimbunga, na unaweza kuonyesha kwa kidole mahali yanapozungukia. Mstari wetu ungeonyesha mtetemo tu. Mstari mmoja kwa moyo mzima! Wanaokufa ghafla kwa mtetemo huo wanastahili ramani hii, na siwezi kulitamani kohozi jeusi la masizi wala ndoo zile za vyura.

Lakini kuna bei. Moyo ukitikisika, picha huharibika. Kwa hiyo hutiwa blebistatini, dawa inayozuia misuli kusinyaa huku umeme ukiendelea kupita. Uko hai, umetulia. Vijana wameupa mgongo, macho kwenye skrini.

Ninayo bado karatasi moja ya siku zile, imepakwa vanishi ili masizi yasifutike. Nilimpa binti anayefanya uzamivu wake hapo maabarani. Alifuata milima kwa kidole, mmoja mmoja, kwa makini.

"Hii ni volti au kalsiamu, mwalimu?"

"Si volti wala kalsiamu, binti yangu. Huo ni wenzo. Moyo uliunyanyua."

Alinyamaza, kisha akageuka kuutazama moyo kwenye bomba. Ulikuwa kimya kabisa, na kwenye skrini wimbi lilikuwa likipita.