Pua ya Mgeni

Barafu ndiyo iliyotuumbua. Mama alikuwa akiuza barafu pale nyumbani Kikwajuni, Unguja, zile za vifuko vya plastiki vinavyofungwa fundo, na mwezi wa Ramadhani watoto wa mtaani walijaa mlangoni kabla ya magharibi, kila mmoja na bakuli lake. Biashara ilikwenda vizuri mpaka bibi mmoja jirani alipokuja mwenyewe, akakaa barazani, akauliza hali za kila mtu, kisha akasema kwa adabu zote: "Mwanangu, usinielewe vibaya. Maji yangu ya ukwaju jana yalikuwa na vumba." Mama aliona haya mpaka akamrudishia pesa. Sisi wa ndani hatukuwa tukisikia chochote. Friji lile tulilifungua kutwa na pua zetu zilishalizoea.

Lilitoka Dubai, limeshatumika, likaja na meli katika ile nusu ya pili ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye ndugu Ghuba akaanza kutumiwa kitu. Lilikuwa la mlango mmoja, na kisanduku cha kugandishia kikiwa ndani kwa juu. Kabla ya hapo nyumba yetu haikujua harufu ya chakula kilicholala, kwa kuwa hakuna chakula kilicholala. Samaki alinunuliwa sokoni Darajani asubuhi, akaliwa mchana, akibaki akakaangwa jioni. Wa kuwekwa alikuwa ng'onda au papa mkavu, naye alitundikwa uani, mbali na nguo za watu. Friji mwanzoni lilikuwa la maji na barafu tu, tena lilikaa ukumbini, limefunikwa kitambaa cha kudarizi juu yake.

Chakula kiliingia pole pole. Wakaanza samaki wabichi wa kesho, ukafuata mchuzi wa jana, kisha siku moja Mama akahamishia humo na kipande cha papa, eti nje paka wamezidi. Papa hubeba yurea nyingi katika nyama yake, na akishakufa bakteria huigeuza kuwa amonia. Samaki wengine wa baharini nao hutoa trimethilamini, ambayo ndiyo hasa vumba tunalolijua. Gesi hizo hazikai mahali pamoja. Zinasambaa, zinaingia kwenye kila chenye mafuta, na zinashika kwenye barafu, hasa ile ya mfuko mwembamba ambao plastiki yake hupitisha harufu. Yule bibi hakuwa mchaguzi. Alikuwa amekunywa papa wetu.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa udi. Katika nyumba ya Kiunguja harufu mbaya hujibiwa kwa harufu nzuri, na sikumbuki mtu yeyote aliyetilia shaka jambo hilo. Bibi yangu alileta chetezo, akakishika mbele ya mlango wa friji ulio wazi, moshi ukaingia vizuri, mlango ukafungwa. Siku ya pili barafu ikanuka papa aliyefukizwa. Zikafuata karafuu katika kisahani, ikafuata asumini, na kila kimoja kilijiongeza juu ya mwenzake bila kumwondoa wa mwanzo. Ndimu ilikuwa na sababu zaidi, kwa kuwa asidi yake huigeuza ile trimethilamini kuwa chumvi isiyoruka hewani. Ndiyo maana mikono iliyoparua samaki husuguliwa ndimu. Lakini Bibi alizikata nusu akazipanga juu ya rafu, na ndimu iliyokaa peke yake kwenye kona haina inachokigusa. Ilitakiwa ipakwe, isuguliwe, ifutwe.

Na bado, nikililinganisha na la sasa, friji lile halikuwahi kuoza kikwelikweli. Sababu niliielewa nilipokuwa mtu mzima: barafu yake ilikuwa ikijijenga kwenye kuta za kisanduku mpaka mlango wake mdogo usifungike, na hapo hapakuwa na hiari. Friji lilizimwa, kila kitu kikatolewa nje, beseni likawekwa chini, barafu ikaachwa ianguke yenyewe (kaka yangu aliwahi kutaka kuibandua kwa kisu, Mama akamfokea kwamba atatoboa bomba la gesi na friji lote litakwenda). Maji yale ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yakinuka kila kitu tulichokula tangu usafi uliopita. Yakimwagwa uani, harufu imekwenda nayo. Uvivu wa mashine ndio uliotufanya sisi tuwe wasafi.

Mei 2008 laini ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilikatika, na Unguja yote ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tulipodhani tumejifunza, Desemba 2009 umeme ukaondoka tena, safari hii mpaka Machi 2010. Watu wanapozungumzia kipindi kile hutaja majenereta, ndoo za maji na hoteli zilizokosa wageni. Mimi hukumbuka harufu. Siku za mwanzo nyama na samaki ziligawiwa mtaani kama sadaka, kila sufuria ikachemka, watu wakala mpaka wakachoka. Baadaye kila nyumba ikabaki na sanduku jeupe lisilo na kazi.

Hapo ndipo majirani walipotofautiana. Walioliacha friji wazi, mlango ukizuiwa kwa kipande cha ubao, walikuta vumbi na buibui. Waliolifunga wakidhani wanalihifadhi walikuta ukungu umepanda kuta zote, kwa kuwa unyevu uliobaki ndani haukuwa na pa kutokea. Nyumba moja ilikuwa na msiba mkubwa zaidi. Walisafiri kwenda bara na friza lao limejaa nyama ya ng'ombe na pweza, wakarudi umeme ukiwa umeshaondoka zamani. Walisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa ndimu, wakalianika juani kutwa nzima, na likipoa jioni lilikuwa halinuki. Asubuhi harufu imerudi. Maji ya nyama yalikuwa yamepenya kwenye maungio ya plastiki na kuingia katika sponji iliyo kati ya ukuta wa ndani na bati la nje. Huko hakuna mkono unaofika. Friza lile liliishia uani, likawa kabati la mbao na misumari.

Mafundi wa friji hawakupata usingizi umeme uliporudi. Aliyekuja kwetu alikuwa mzee wa maneno machache. Mtaani watu walikuwa wakisema harufu ni ya gesi inayovuja, naye alicheka: gesi ya mafriji ya zamani, ile R-12, karibu haina harufu kabisa, na ikivuja friji litaacha kupoza kabla halijakuudhi pua. Halafu akafanya jambo lililotushangaza. Hakuomba ndoo wala sabuni. Aliondoa plagi, akafunga mlango, akaomba chai.

Baridi huficha. Kinachonuka sana katika joto la Unguja hakitoi hata nusu ya harufu hiyo kwenye nyuzi 4, ndiyo maana friji linaweza kuonekana zima huku limebeba kidonda. Alipomaliza chai na ndani kukiwa kumepata joto, alifungua, akainama, akanusa kwa mpangilio: rafu, droo, kuta, mpira wa mlango. Mikunjo ya mpira aliifunua kwa kidole, na ndani yake mlikuwa na utando mweusi ambao hatukuwahi kuuona. Droo alizitoa akazitenganisha, moja barazani, moja uani, kwa sababu zikiwa pamoja huwezi kujua ni ipi inayosingizia nyingine. Kisha akaonyesha kitundu kidogo kwenye ukuta wa nyuma, chini kabisa, kinachopitisha maji kwenda nje. Kilizibwa na punje za wali. Nyuma ya hicho kitundu maji yalikuwa yamesimama na kugeuka ute. Mwisho akalivuta friji kutoka ukutani. Juu ya kompresa palikuwa na kitrei cha plastiki, na ndani ya kitrei, maji mazito ya rangi ya chai na mende aliyekufa zamani. Mama akasema, "Mwanangu, miaka yote hii kumbe hiki kipo?"

Tangu siku hiyo harufu nyumbani kwetu ikawa kitu cha kutafutwa, na udi ukabaki kwa wageni na harusi.

Mwaka 2013 ikaja laini mpya ya megawati 100, na mafriji yakaja kwa wingi, safari hii yale yasiyogandisha barafu ukutani. Ninalo moja. Nalisifu kwa mengi, lakini katika jambo la harufu sikubaliani na wanaoliona ni maendeleo matupu. Lina feni inayozungusha hewa ileile kati ya friza na sehemu ya chini, kwa hiyo dagaa wa chini na barafu ya juu wanavuta pumzi moja. Linayeyusha barafu yake lenyewe kimyakimya, maji yakashuka kwenye trei ya nyuma na kukauka kwa joto la kompresa, pamoja na kila kilichomo. Hakuna kinachomlazimisha mtu kutoa kila kitu nje. Na sisi tumebadilika pia: tunapika mara moja tunakula siku kadhaa, na makopo ya aiskrimu ndani ya friji yangu yana kila kitu isipokuwa aiskrimu.

Watu huniambia niweke kisahani cha soda ya unga, ile ya keki. Inasaidia kidogo kwa harufu za uchachu, lakini kwenye vumba haina makali, na kazi yake nzuri zaidi ni kuyeyushwa katika maji ya uvuguvugu na kufutia kuta. Mkaa wa jiko nao hunyonya harufu, ingawa si kama ule uliotengenezwa maalumu kwa kuchuja. Vyote viwili huja baada ya chanzo kuondoka. Kwa utando wa mpira natumia siki na mswaki mkuukuu. Dawa za klorini kama Jiki ni jambo jingine, na hazichanganywi na siki hata kidogo, kwani hutoa gesi ya sumu, tena katika jiko dogo lililofungwa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa kinachonipa, nalo ni pua isiyozoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shemeji yangu akija kutoka Pemba namwomba afungue friji kabla hata hajavua viatu, na hana haya: "Hapa kuna kitu, shemeji. Kushoto, chini." Mara ya mwisho ilikuwa nusu ya kitunguu kwenye mfuko, nyuma ya mtindi.

Doriani peke yake sijapata dawa yake. Ule uvundo wake hutokana na michanganyiko ya salfa ambayo pua ya binadamu huisikia hata ikiwa chembe, na siagi, maziwa na chokoleti za watoto huipokea kwa mikono miwili. Baba hulifunga kwenye nailoni tabaka kwa tabaka na kuapa kwamba safari hii halitatoka. Linatoka. Kwa hiyo kwangu doriani huliwa barazani, linamalizwa hapohapo, na maganda yake hupelekwa jaani jioni ileile. Baba amelalamika kwamba nimemkosesha doriani la baridi, nami nimemwambia anunue friji lake.