Robo ya Mzunguko

Wapenzi wa tungo wataniwia radhi. Leo sina shairi. Nina kichwa cha garimoshi cha matofali ya LEGO, nilichokiunda mezani kwa miezi mitatu kutoka sanduku la mjukuu wangu.

Nimekiiga kile cha daraja la 13 cha Reli ya Afrika Mashariki, kilichoundwa Glasgow na North British Locomotive Company mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya kupanga mabehewa yadini. Magurudumu yake ni 16: manne mbele, manane ya kuvutia katikati, manne nyuma. Mtunzi wa tarbia atatabasamu: mshororo mizani 16, kipande mizani 8. Hata vinundu vya matofali hayo vimeachana milimita 8!

Hesabu hiyo ilinilevya. Nilipowasha mota, kichwa kilitikisika kikakwama. Kosa la kwanza lilikuwa jepesi: magurudumu manane ya safu moja hayapiti kona, nikayabadili ya katikati kwa yasiyo na kingo. La pili lilinila wiki mbili. Vile vyuma vinavyounganisha magurudumu nilivifunga sawasawa kulia na kushoto, kwa kupenda urari. Vilipofika ncha ya mwendo wao, hakuna upande uliojua kama uende au urudi.

Ndipo nilipoikumbuka mikono ya baba, dereva wa kichwa cha namna hiyo. Wakati wa chakula cha jioni alikuwa akikunja ngumi mbili na kuzizungusha hewani, moja ikiitangulia nyingine kwa robo ya mzunguko. "Huu ukilala, mwenzake yuko kazini." Mimi nilikuwa nasoma kitabu.

Aliponitembelea chuo cha ualimu, shati lina masizi, wenzangu waliuliza ni nani. Nikasema ni jirani wa kwetu. Alisikia. Aliniachia kifurushi cha karanga, akaniaga kwa kuniita "Mwalimu".

Nimefundisha Kiswahili miaka 34, na bado naandika "vyuma vinavyounganisha magurudumu", kana kwamba ni lugha iliyopungukiwa. Yadini walikuwa na neno lao. Sikumwuliza.

Niliusogeza upande wa kushoto kwa robo. Kichwa kikazunguka meza mara sita bila kusita. Mjukuu akauliza nani alinifundisha.

"Baba yangu. Alikuwa dereva wa reli."

"Mbona hujawahi kumtaja, babu?"