Kabla ya Kupiga Windows

Mwaka 2006 ulikuwa wa mgao. Mvua zilikosekana, maji yakapungua kwenye mabwawa, na Dar es Salaam tukawa tunapata umeme kwa zamu. Kwenye kibanda chetu cha ufundi Kariakoo, kazi niliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa kugawa diski, yaani kuikata katika partisheni. Kupiga Windows kukikatishwa njiani, unaanza upya, basi. Lakini ukipunguza partisheni yenye mali ya mtu, programu inahamisha mafaili kutoka upande mmoja wa diski kwenda mwingine; umeme ukizimika hapo, yanaweza yasionekane tena. Kazi hiyo niliifanya jenereta likinguruma.

Wateja walitujia kwa sababu ya virusi vya flashi. Mashine nyingi zilikuwa na Windows XP na diski ya GB 40 yenye partisheni moja tu, C, na humo ndimo vilimorundikana vyote: mfumo, barua, muziki, picha. Dawa ilikuwa kupiga Windows upya. Fundi mwenye haraka alifika kwenye ile skrini ya buluu ya kupigia Windows, akabonyeza D, akabonyeza L, partisheni ikafutika. Niliichukia haraka ile, na bado naichukia.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alitufikia akitokea kwa fundi wa namna hiyo. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, picha za harusi ya dada yako zimo humu."

Bahati nzuri, partisheni ilikuwa imefutwa lakini hakuna kilichoandikwa juu yake. Sekta ya kwanza ya diski za wakati ule ilikuwa na baiti 512, na ndani yake jedwali la partisheni lilikuwa na baiti 64 tu: 16 kwa kila moja, ndiyo maana partisheni za msingi hazikuzidi nne. Anayefuta partisheni huwa amefuta maelezo yake kwenye jedwali. Picha zenyewe zingali palepale. Nikawasha TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo hupekua diski nzima ikitafuta partisheni zilipoanzia. NTFS nayo huacha nakala ya sekta yake ya kuwashia mwishoni mwa partisheni, kwa hiyo kuna pa kushikia. Orodha ya mafaili ikajitokeza, majina yake yote yakiwa kamili. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nilizihamishia picha kwenye diski yetu kwanza. Kisha nikagawa: MB 15360 kwa C, zilizobaki kwa D, na zile MB 8 ambazo XP huziacha wazi sikuzote. Nikaielekeza My Documents iwe D.

"Kwa hiyo C ikifa, D inabaki?"

"Inabaki, mzee. Ila diski yenyewe ikifa, zinakwenda zote mbili. Hizi za harusi tuzichome na kwenye CD."

Akauliza CD tupu zinauzwa wapi, akatoka kwenda kununua.