Likizo Isiyoombwa

Katika darasa tunalolifundisha mna somo la uandishi wa barua rasmi, na kila mwaka tumekuwa tukilifundisha kwa utaratibu ule ule: anwani, tarehe, salamu, kusudi la barua, hitimisho na sahihi. Wanafunzi hulihesabu kuwa somo kavu. Barua tunazowaandikisha aghalabu ni za kuomba kazi wasizoijua, au za kumwalika mgeni wa heshima asiyekuja. Basi safari hii tuliazimia kuwaletea barua iliyokuwa na mtu ndani yake.

Tuliwasimulia kwamba tarehe 27 Desemba 2018, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu ya Marekani iliwatangazia watumishi hao vielelezo vya barua za kuwapelekea wale wanaowadai: mkopeshaji, benki iliyotoa mkopo wa nyumba, na mwenye nyumba ya kupanga. Serikali ilikuwa imefungwa kwa kukosa bajeti, na mishahara ilikuwa imesimama. Katika barua ya kumpelekea mwenye nyumba, mtumishi alielekezwa aeleze shida yake, aombe kulipa pungufu kwa muda, na aulize kama yawezekana kufanya kazi za matengenezo, kama vile kupaka rangi na useremala, badala ya sehemu ya kodi. Baadaye ofisi ile ilieleza kwamba barua hiyo ilikuwa ya mwaka 2013, na ilitolewa tena kwa makosa. Lakini watu walikwisha kuisoma.

Darasa lilicheka. Kijana mmoja akainua mkono akauliza, “Mwalimu, kumbe serikali nayo hufungwa kama duka?” Kabla hatujamjibu, mwenzake akaongeza swali lililotushinda zaidi: “Na hao waliorudishwa nyumbani, kwa Kiswahili tuwaiteje?”

Swali la kwanza lina majibu katika vitabu vya sheria. Mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Hakuna idara iwezayo kutumia fedha ambazo Bunge halijaziidhinisha, na ipo sheria yenye mizizi ya mwaka 1884 inayokataza hata kupokea kazi ya kujitolea kutoka kwa mtumishi. Kwa miaka mingi idara zilipopitiwa na tarehe bila bajeti ziliendelea na kazi zikitumaini kwamba fedha zitapatikana. Ni Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti aliyetoa maoni, mwezi wa Aprili 1980, kwamba idara isiyo na fedha haina budi kusimamisha kazi. Na Januari 1981 akafafanua kwamba zisizosimama ni zile kazi za kulinda uhai wa watu na mali. Tangu hapo, Bunge na Rais wasipoelewana, milango hufungwa. Mwisho wa mwaka 1995 na mwanzo wa 1996 ilifungwa siku 21. Oktoba 2013 ilifungwa siku 16. Kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, kwa ajili ya mzozo wa dola bilioni 5.7 za kujengea ukuta mpakani, sehemu ya serikali ilifungwa siku 35. Na mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, ikafungwa siku 43. Wapiganapo tembo, wahenga walisema, ziumiazo ni nyasi.

Swali la pili ndilo lililotukesha. Neno walilonalo Waingereza na Wamarekani lilitoka kwa Waholanzi, na asili yake ni ruhusa ya askari kwenda kwao kwa muda. Tukaandika ubaoni: “likizo bila malipo.” Binti mmoja akapinga. Alisema likizo ni kitu kinachoombwa, na mtu akiipata hufurahi. Tena mwenye likizo aweza kwenda alime, ilhali hawa hawajui kama wataitwa kesho au baada ya mwezi. Tukaongeza neno, ikawa “likizo ya lazima bila malipo.” Akasema kwamba sasa yasikika kama adhabu, na watu hawa hawakukosa kitu. Tulifuta ubao, tukawaahidi kulifikiri.

Tulipolifikiri tuliona kwamba hata hilo lingewatosha nusu yao tu. Wakati wa zile siku 35, watumishi wapatao 800,000 waliguswa. Kiasi cha 380,000 walirudishwa nyumbani, na sheria iliwakataza kufanya kazi zao hata kwa hiari. Wengine wapatao 420,000 waliamriwa kuendelea kufika kazini bila ya kulipwa: waongozaji ndege, walinzi wa magereza, wakaguzi wa abiria viwanjani. Hawa hawakuwa na likizo yoyote. Waliamka alfajiri, wakatia mafuta ya gari kwa fedha za mkopo, wakaenda kumtumikia mwajiri asiyewalipa. Yule aliyekaa nyumbani aliweza angalau kuomba posho ya wasio na kazi katika jimbo lake, japo alipaswa kuirudisha baadaye. Aliyekuwa kazini, kwa kawaida, hakuipata hata hiyo, kwa sababu machoni pa sheria alikuwa na kazi.

Sisi walimu wa lugha twajua kwamba neno “mshahara” tumelipata kwa Waarabu, na ndani yake mna neno lao la mwezi. Mshahara, kwa asili yake, ni ahadi iliyofungwa katika kalenda. Watumishi wa Marekani hulipwa kila majuma mawili, lakini ahadi ni ile ile. Tarehe 11 Januari 2019 ahadi ilivunjika. Wako waongozaji ndege waliozionyesha hadharani hati zao za malipo, na mahali pa jumla pameandikwa sifuri. Siku nne baadaye ikawa zamu ya askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Pwani. Waliwahi kutolewa waraka wa ushauri uliowaambia kwamba waweza kuuza vyombo vyao vya ziada, kulea watoto wa watu, au kutembeza mbwa. Waraka huo uliondolewa baada ya magazeti kuuulizia. Katika mji mkuu wa Washington, mpishi José Andrés na shirika lake la misaada, lililozoea kuwapikia watu waliopigwa na vimbunga, walifungua jiko la kuwalisha watumishi wa serikali bure. Watu waliovaa vitambulisho vya ofisi vifuani walipanga foleni wakingoja sahani.

Waziri wa Biashara wa wakati ule, Wilbur Ross, mtu tajiri sana, alisema katika televisheni kwamba haelewi kwa nini watumishi hao waende kwenye maghala ya chakula cha msaada, ilhali wangeweza kukopa benki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Benki Kuu ya Marekani yenyewe, katika uchunguzi wake wa mwaka 2017, ilikuta kwamba watu wazima wanne katika kila kumi wasingeweza kulipa gharama ya ghafula ya dola 400 bila kukopa au kuuza kitu, au wasingeweza kabisa. Sisi wa huku hudhani kwamba nchi tajiri ina watu matajiri. Kumbe nyumba nyingi za kule, kama zetu, husimama juu ya nguzo moja, nayo ni tarehe ya mshahara.

Hapa yafaa tuungame jambo ambalo hatukuliambia darasa.

Mwaka 2014 mshahara wetu ulikatika miezi mitatu. Hatukufukuzwa, wala shule haikufungwa. Jina lilikuwa halimo katika orodha, na kila ofisi tuliyokwenda ilituambia kwamba shida imo katika ofisi nyingine. Tuliendelea kufundisha. Katika miezi hiyo hiyo tulifundisha uandishi wa barua rasmi, na usiku tulikuwa tukiandika zetu wenyewe. Tulimwandikia mwenye nyumba kwa Kiswahili safi, anwani mahali pake na tarehe mahali pake. Tuliandika mara nne kabla ya kuridhika, na kilichotuchelewesha hakikuwa sarufi. Ni sentensi ile inayoanza na “Naomba.” Mtu aweza kuwafundisha wengine sentensi hiyo miaka kumi bila kujua uzito wake.

Kwa hiyo darasa lilipocheka juu ya barua ya kupaka rangi, sisi hatukucheka. Mwenye nyumba wetu hakuhitaji rangi. Alihitaji mtu wa kuwafundisha wanawe wawili hesabu kila jioni, na hesabu si somo letu. Tuliifundisha.

Chakula kilitoka katika duka la mama mmoja aliyekuwa jirani na shule. Unga, maharage, sukari, sabuni, mafuta ya taa: vyote viliandikwa katika daftari lake la jalada la buluu. Mwezi wa kwanza alituandika akicheka. Mwezi wa pili akatuuliza kwa adabu, “Mwalimu, wamesemaje huko?” Tukamjibu, “Ijumaa, mama. Wamesema Ijumaa.” Hakuna aliyekuwa ametuambia Ijumaa. Tulisema hivyo kwa sababu mtu mwenye shahada ya ualimu huona haya kusema “sijui” mbele ya dirisha la duka. Naye aliandika, kwa kuwa mwalimu hadanganyi. Ijumaa hizo zilikuwa tano.

Malimbikizo yetu yalipokuja, yalikuja yote kwa pamoja, hata senti haikupungua. Tulikwenda kwa yule mama tukiwa na shilingi 410,000, tukamlipa deni lote, tukamwona akivuta mstari katika daftari. Dawa ya deni ni kulipa, na tulirudi nyumbani tukijiona watu waungwana. Haikupita miezi miwili duka likafungwa. Hatukuwa sisi peke yetu daftarini. Walimu watatu wengine walikuwamo. Mtaji wake wote ulikuwa umelala katika matumbo yetu kwa miezi mitatu, na katika muda huo rafu zilibaki tupu, wateja wenye fedha mkononi wakazoea duka la ng’ambo ya barabara. Sisi tulipata malimbikizo. Yeye alipata deni lake tu. Siku alizokosa kuuza hazikuwa na mtu wa kumlipa.

Tulipokuwa tukisoma habari za Marekani ili kuandaa somo, ndipo tulipokutana na yule mama tena. Januari 2019, huku serikali ikiwa bado imefungwa, ilipitishwa sheria kwamba watumishi wote watalipwa malimbikizo yao ifunguliwapo, mara ile na nyakati zijazo. Mwaka 2025 ilitokea hofu kubwa pale Ikulu ilipoonyesha kutilia shaka haki hiyo kwa wale waliorudishwa nyumbani. Sheria iliyofungua serikali mwezi wa Novemba ndiyo iliyowahakikishia tena. Lakini wafagiaji, walinzi na wapishi wanaofanya kazi katika majengo ya serikali chini ya makampuni ya wakandarasi hawamo katika sheria hiyo. Baada ya siku 35 wenzao wa mezani walilipwa. Wao waliokuwa wakizifuta meza hizo hawakulipwa zile siku. Wala hawakulipwa wenye mikahawa iliyo karibu na ofisi, ambao hakuna aliyenunua chakula kwao. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kufungwa kule kulipunguza pato la nchi kwa dola bilioni 11, na kwamba bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi kamwe. Msomaji akitaka kujua bilioni tatu zisizorudi zina sura gani, sisi tunayo moja: rafu tupu, na daftari la buluu lililovutwa mstari.

Juma lililofuata tulirudi darasani tukawapa wanafunzi zoezi. Kila mmoja aandike barua rasmi kwa mwenye duka anayemdai, akieleza kwamba mshahara umesimama. Tuliweka sharti moja, kwamba barua isitaje siku ya kulipa isipokuwa mwandishi anaijua kwa hakika. Wengi walilalamika kwamba barua bila tarehe ya kulipa haina nguvu. Tukawajibu kwamba ni kweli, haina nguvu, na ndivyo anavyojisikia mwenye kuiandika.

Yule binti hakusahau deni letu la msamiati. Alileta pendekezo lake kwenye karatasi: “likizo isiyoombwa.” Hatujui kama Baraza lolote la Kiswahili litalikubali. Halina ufupi, na pengine mwanasheria ataona lina kasoro. Tumeliandika hata hivyo katika daftari letu la istilahi, pamoja na jina la aliyelitunga, kwa sababu ndani yake yumo mtu aliyeketi nyumbani mchana wa siku ya kazi, kitambulisho kimetundikwa msumarini, naye anatafuta namna ya kuanza sentensi.

Yule mama sasa anauza nyanya sokoni, juu ya gunia. Tukipita hutusalimu kwa furaha, “Shikamoo, mwalimu,” ingawa ametuzidi umri, nasi huitikia upesi kwa kumwamkia yeye. Hununua kwake kila Jumamosi, fedha taslimu, na mara nyingi kupita mahitaji ya nyumba yetu.