Mawindo ya Bata Mzinga Katika Milima ya Ozark

Wengi wetu twamjua bata mzinga kuwa ndege wa uani, mzito na mvivu, angojaye kutupiwa mtama. Lakini asili yake ni Amerika, na porini huko hata leo wako ndugu zake walio wepesi wa mbio na wa kuruka, wenye macho makali kupita ya mwindaji. Leo twataka kuwachukueni hata kusini ya jimbo la Missouri, katika nchi ya Marekani, tuone jinsi watu wa huko wajitayarishavyo kwa siku ya kwanza ya mawindo, mwezi wa Aprili.

Twafika kwanza mji mdogo wa Van Buren, ukingoni mwa Mto Current. Milima ya Ozark si mirefu. Ni vilima vingi vilivyotengwa na mabonde membamba, na chini ya majabali hububujika maji baridi. Chemchemi moja karibu na mji huo, iitwayo Big Spring, ni katika zile kubwa kupita zote za Marekani. Baridi ya kipupwe imekwisha, mialoni yatoa majani machanga, na chini yake miti midogo imejaa maua meupe, hata mwitu waonekana kama umeanikwa nguo.

Walakini mwitu huu uliwahi kunyamaza. Miti ilikatwa kwa wingi mno mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na ndege wakauawa pasipo kiasi. Mwaka 1937 jimbo lilifunga mawindo ya bata mzinga, na hata hivyo, ilipofika 1952, walikuwa wamesalia wasiozidi 2,500. Ndipo, tangu 1954, watumishi wa idara ya wanyama walipoanza kuwanasa hai mahali paitwapo Peck Ranch, si mbali na Van Buren, kwa nyavu zirushwazo na mizinga midogo, wakawapeleka kwenye misitu iliyokuwa mitupu. Mwaka 1960 mawindo yalifunguliwa tena, siku 3 tu, katika wilaya 14. Ndege 94 ndio waliopatikana. Baadaye walienea jimbo zima, ingawa miaka hii ya karibuni wamepungua tena mahali pengi.

Kwa sababu hiyo sheria ni kali. Mwindaji sharti awe na kibali, na ndege apigwaye ni dume, au yule mwenye kishungi cha nywele ngumu kifuani kiitwacho ndevu. Dume mmoja hupanda majike wengi. Bali jike hutaga mayai yapata 12 chini ardhini, huyaatamia siku 28, na akifa yeye, kizazi chote kimekufa pamoja naye.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwindaji mwema huinama siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Hupita mwituni bila bunduki, akitafuta majani makavu yaliyochakurwa, manyoya, nyayo njiani, na mavumbi ndege walimogaagaa. Jioni ya mwisho huketi juu ya kilima na kusikiliza. Bata mzinga, kama kanga wetu, hulala juu ya miti. Giza likiingia, mwindaji huiga sauti ya bundi. Huku kwetu wako wasiopenda kuisikia sauti hiyo. Kule dume huijibu kwa kishindo kutoka mtini, naye mwindaji amekwisha jua mahali pa kulala pake. Hapo huondoka kimya kimya.

Usiku huweka tayari vyombo vyake: bunduki ya marisau, nguo za rangi ya majani, kitambaa cha kufunika uso, dawa ya kupe, maji, na kijisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake kikisuguliwa hulia kama jike. Huwaambia watu wa nyumbani ni bonde gani aendalo na saa ya kurudi. Hachukui nguo nyekundu, wala nyeupe, wala ya buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwenziwe aweza kudanganyika.

Saa kumi usiku yu njiani. Huketi mbali kidogo na mti wa ndege, mgongo wake ukiegemea shina pana kupita mabega yake, ili asipigwe na mtu atokaye nyuma. Kukipambazuka dume huanza kulia, na mwindaji humjibu polepole, mara chache. Desturi ya mwitu ni jike kumfuata dume. Mwindaji ataka kuigeuza, dume amfuate jike asiyemwona. Ndiyo sababu kazi hii yataka subira nyingi. Pengine dume hushuka, hutazama, akaenda zake na majike wa kweli.

Na hapa ndipo penye hatari. Sauti ya jike isikiwayo kichakani yaweza kuwa ya mtu mwingine mwenye kijisanduku. Kwa hiyo wazee wa mawindo huwafundisha vijana wao mambo matatu: usiinyemelee sauti, usipige mpaka umeona kichwa na ndevu kwa macho yako, karibu, isizidi hatua arobaini, na ukimwona mtu aja, usimpungie mkono, bali sema kwa sauti kuu. Aliyepiga ndege humfunga kitambaa cha rangi ya machungwa kabla ya kumbeba begani.

Basi matayarisho haya yote, usiku na mchana, yaweza kuishia kwa mtu kurudi mikono mitupu, naye asione haya. Risasi ikitoka hairudi. Kijana aliyeshusha bunduki yake kwa kuwa hakuona vema, huyo, wasema watu wa kule, amekwisha kuwa mwindaji. Na dume aliyemwacha atalia tena kesho mtini pake.