Lori Linapomisi Njia ya Msimbati
Kutoka Mtwara Mjini kwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, upepo huja na chumvi. Lori kuukuu la petroli huanza kumisi, redio ikakwaruza. Washa redio, usikilize. Mkwaruzo ukizidi kadiri unavyokanyaga mafuta, moto wa plagi unavuja. Ukiwa mluzi, tazama altaneta. Usikimbilie kabureta, ushauri ambao mafundi wengi huupenda mno. Usiku fungua boneti injini ikiunguruma: cheche za buluu zitaonyesha waya uliopasuka. Usiuguse! Zima, kisha ukaushe kifuniko cha distribyuta. Kwenye mchanga ule silinda tatu hazitoshi, na lori hilohilo ndilo linalowahisha wagonjwa Ligula.