Toleo Linalofika Zahanati

Kazi iliyonilisha tangu nitoke chuo ni kufungasha programu zilizoandikwa na watu wengine, kuzijaribu zikiwa pamoja, na kuzifikisha hospitalini zikiwa zinafanya kazi. Nilizaliwa Shimoni, nikasomea kompyuta Nairobi, na kwa miaka ya karibuni nimeifanya kazi hii nikiwa nyumbani, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Wazee wakiniuliza barazani nafanya nini, huwajibu kwamba nashughulikia mafaili ya wagonjwa. Wanaelewa mara moja, kwani hakuna asiye na faili mahali.

Programu yenyewe ni KenyaEMR. Imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, katika mradi wa AMPATH, Februari 2006. OpenMRS si kitu kimoja. Kuna kiini, halafu kuna moduli: ya fomu, ya ripoti, ya kutoa namba za wagonjwa, na nyingine nyingi. Kila moduli ina watunzaji wake, wengine Kampala, wengine Boston, wengine Indianapolis, na kila kundi hutoa matoleo kwa ratiba yake. Moduli ya ripoti inategemea nyingine, hizo nazo zinategemea nyingine tena, na chini kabisa ziko maktaba za Java ambazo waandishi wake hawajapata kusikia jina la Kwale, kaunti yetu. Sisi tunaofungasha tuko mwisho wa mnyororo. Tuna faili moja ya maandishi inayotaja kila moduli na namba ya toleo lake, mstari kwa mstari. Mstari mmoja ukikosewa, mama aliyekuja kuchukua dawa zake za miezi mitatu anasubiri.

Miradi yote inaweza kufaulu majaribio yake, na bado mkusanyiko wake ukaanguka. Fundi wa mashua hapa kwetu anajua hili: mbao zote zaweza kuwa nzima, maji yakapitia kwenye maungio.

Mimi niliyaona maji hayo Jumatatu moja katika zahanati ya kusini mwa Kwale. Siku hizo toleo jipya tulilibeba kwenye flashi, maana intaneti ya pale haikuweza kupakua bunda zima. Nikaweka nakala ya hifadhidata pembeni, nikaendesha skripti ya kusasisha, nikawasha seva. Skrini ikakwama kwenye kuanzisha moduli. Benchi la nje lilikuwa limejaa tayari. Muuguzi mkuu, mtu mzima rika la mama yangu, akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, twaandika kwa kompyuta au twaandika kwa kitabu?"

"Andikeni kwenye rejista kwanza, mama. Nipe nafasi nirudishe ile ya zamani."

Ile ya zamani ikarudi, kliniki ikaendelea, nami nikabaki na kumbukumbu za seva hadi jioni. OpenMRS hutumia Liquibase kubadilisha majedwali ya hifadhidata. Kila badiliko likishafanyika huandikwa kwenye jedwali maalumu, pamoja na alama inayokokotolewa kutokana na maandishi yake. Mtu akirudi kulihariri badiliko la zamani, hata kwa nia ya kulisafisha tu, alama hazilingani tena na Liquibase hugoma kuendelea. Ndivyo ilivyokuwa: mtunzaji wa moduli mojawapo alikuwa amegusa badiliko la miaka ya nyuma. Majaribio yao yalipita yote, kwa sababu kila mara yalianza na hifadhidata tupu. Hakuna zahanati yenye hifadhidata tupu. Zahanati ina wagonjwa.

Nilishauriwa nibandike kiraka chetu wenyewe, yaishe. Nilikataa, na msimamo huo ninao hadi leo. Kiraka cha faraghani ni deni: kila toleo jipya likija itabidi ukibandike tena, na jirani anayetumia moduli ileile atakwama palepale. Waganda wana UgandaEMR, nayo inashiriki nasi moduli nyingi. Nikawatumia watunzaji marekebisho pamoja na jaribio linaloanza na hifadhidata ya zamani. Wakahoji, wakataka nibadilishe hiki na kile, mwishowe wakayapokea.

Tangu hapo nimejikita zaidi kwenye majaribio ya kujiendesha. Kila usiku mashine hulijenga bunda zima upya, huchukua hifadhidata ya toleo linalotumika mashinani ikiwa na wagonjwa wa kubuni, huisasisha, kisha hufanya afanyayo muuguzi: husajili mgonjwa, hujaza fomu ya ziara, hupanga tarehe ya kurudi. Mwisho hutoa ripoti ya VVU, MOH 731, na kuilinganisha na majibu tuliyoyahesabu kwa mkono. Mgonjwa ninayemwamini zaidi ni mama mjamzito aliyeanza dawa kliniki nyingine, akahamia kwetu katikati ya mwezi, kisha akakosa ziara moja. Akihesabiwa mara mbili, au asipohesabiwa kabisa, najua kuna moduli mbili zimeacha kuelewana. Hesabu hizo ndizo zinazoingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Kosa lisilonaswa usiku lingekuwa takwimu ya taifa.

Mwaka 2021 ulitupima. Mwezi wa Mei hifadhi ya vifurushi ya Bintray ilifungwa, na aliyeitegemea bila kuwa na nakala yake alijikuta hana cha kujengea. Desemba ukatangazwa ufa wa kiusalama katika Log4j, mojawapo ya zile maktaba za Java, na dunia nzima ikaanza kuulizana nani anayo. Aliyekuwa na orodha ya vitegemezi vyake hadi vya ndani kabisa alijibu kwa dakika chache. Wengine walipekua seva moja moja.

Sasa tunahamia skrini mpya za OpenMRS 3, zilizoundwa kwa vifurushi vidogo vidogo vya JavaScript, vingi kuliko moduli zote tulizozoea. Huko wasanidi hupenda kuandika "next" mahali pa namba ya toleo, yaani chukua chochote kilichotoka mwisho. Kwa anayeandika msimbo inafaa sana. Kwa bunda linalokwenda Msambweni au Lunga Lunga maana yake ni kwamba nilichokijaribu jana sicho kitakachosakinishwa leo. Nimeandika kanuni kwenye mashine: ikiona "next" katika toleo la zahanati, inasimamisha ujenzi. Wenzangu wawili wamelalamika kwamba inawachelewesha. Nimewasikiliza, nikawatengenezea njia yao ya majaribio ambako "next" inaruhusiwa. Kwenye njia ya zahanati, kanuni imebaki.